Khabari Hii ni ya Nani?

Pale Michenzani, chini ya yale majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, kuna maskani, yaani kijiwe cha siasa, inaitwa Kisonge. Mzanzibari yeyote mwenye umri wa kupiga kura anaijua, hata kama hajakaa pale dakika moja, na anaijua kwa ubao wake. Ubao mweusi, chaki, mwandiko wa mtu aliyefinywa sikio na mwalimu mpaka akanyoosha herufi. Miaka nenda miaka rudi ubao ule umekuwa wa vijembe vya siasa kwa upande wa chama kinachotawala: leo anachambwa kiongozi wa upinzani, kesho watu wa asili fulani wanakumbushwa kwamba hapa si kwao, keshokutwa ni nasaha ndefu kuhusu Mapinduzi na waliomwaga damu kuyaleta. Ukiingia Mji Mkongwe, pale Jaws Corner (jina la filamu ya papa, usiniulize zaidi), wanywa kahawa wa upande wa pili nao walikuwa na ubao wao, na hawakulala.

Sijawahi kukutana na mtu aliyehama chama kwa kusoma ubao wa Kisonge. Wanaoupenda walishakubali kabla chaki haijagusa ubao. Wanaouchukia wanausoma ili wapate cha kukasirikia. Sasa ubao una kazi gani? Nimekulia katika siasa hizi kama wengine wanavyokua na pumu, na jawabu langu ni kwamba propaganda ya visiwani kwetu haikufanikiwa sana kutuaminisha uongo. Ilichofanikiwa ni kutuondolea hamu ya kuuliza kama jambo ni kweli. Tukisikia khabari, tunauliza kwanza ni ya nani. Mwenyewe akishajulikana, kazi imekwisha.

Mimi ni mtu wa Wete, Pemba. Naliweka hilo mapema, maana najua msomaji wa Unguja ameshaanza kuuliza.

Wazee wanaita miaka ya 1957 hadi 1963 zama za siasa. Magazeti yalikuwepo kabla ya hapo: Al-Falaq ya Jumuiya ya Waarabu, Samachar ya Wahindi, Mwongozi tangu 1942, Afrika Kwetu tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Uchaguzi wa Julai 1957 ndio ulioyatia makali. Mwongozi ikasimama na Hizbu (chama cha ZNP), Afrika Kwetu ikasimama na ASP (Afro-Shirazi Party), na kwa miaka sita kila upande ukajengewa dunia yake iliyokamilika, yenye historia yake, mashujaa wake na wageni wake. Katika dunia ya kwanza, visiwa vilikuwa vya waungwana wa dini moja na lugha moja, wakavamiwa na wafanyakazi wa bara wasiokuwa na uchungu na nchi. Katika dunia ya pili, visiwa vilikuwa vya Waafrika, na kila mwenye asili ya Kiarabu alikuwa mjukuu wa muuza watumwa, hata kama maisha yake yote alikuwa akiuza urojo na hana hata baiskeli.

Waliojua kusoma hawakuwa wengi, lakini hilo halikuwa kizuizi. Gazeti moja kwenye barza, likisomwa kwa sauti na kijana mmoja, lilimfikia kila aliyekuwa amekaa pale, na kila mmoja alikwenda nalo nyumbani akiwa ameliongezea chumvi ya kwake. Msomaji ndiye aliyechagua kipi akisome kwa nguvu na kipi akipite mbio. Mzee mmoja wa kwetu, aliyekuwa kijana wa kusoma gazeti zama hizo, aliniambia kwamba barza ilitaka isomewe zile sehemu za matusi mara mbili. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Halafu watu wakasusiana. Maduka, mabasi, ngoma, hata maziko. Baada ya uchaguzi wa Juni 1961 zikaja ghasia na wakafa watu 68. Waliouana wengi wao walikuwa wanaishi pamoja, wanajuana nani baba yake nani na nani ana deni kwa nani. Hili ndilo linalonishughulisha kuliko lolote katika zama zile. Ujuzi wa jirani, wa miaka na miaka, ulishindwaje na maneno ya karatasi? Nadhani ni kwa sababu karatasi haikukwambia kwamba jirani yako ni mbaya. Hilo ungelikataa, unamjua. Ilikwambia tu kwamba ni mmoja wao. Uzuri wake wote ukabaki kuwa wa kwake peke yake, na ubaya wa wenziwe wote ukawa wake pia.

Wala si lazima maneno hayo yawe ya uongo. Katika uchaguzi wa Julai 1963 ASP ilipata asilimia 54 ya kura, na viti 13 kati ya 31. Muungano wa Hizbu na chama kidogo cha ZPPP ukapata viti 18 na ukaunda serikali iliyopokea uhuru tarehe 10 Disemba mwaka huo. Chukua takwimu hizo hizo uzipeleke kwenye barza mbili. Huku utaambiwa serikali halali ilipinduliwa. Kule utaambiwa wengi walinyimwa nchi yao wakaichukua. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja ameanza kusoma ukurasa pale panapompendeza.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 kituo cha redio, pale Raha Leo, kilitekwa. Majumbani watu walikuwa wamejifungia, na kilichowajia ni sauti. John Okello, mtu wa Uganda ambaye wengi hawakuwa wamewahi kusikia jina lake, akijiita Field Marshal, akizungumza Kiswahili ambacho si cha hapa, akitangaza majeshi makubwa na adhabu za kutisha kwa atakayekaidi. Nani angetoka nje kwenda kuyahisabu hayo majeshi? Kwa mtu aliyekuwa chini ya kitanda na watoto wake, nchi ilikuwa ndiyo ile sauti. Kufika Machi Okello mwenyewe alikuwa ameshaondoshwa visiwani. Wengine wakabaki na redio.

Baada ya hapo magazeti ya watu binafsi yakatoweka na serikali ikawa na gazeti lake, Kweupe, jina zuri kwa gazeti la nchi ambayo haikupiga tena kura ya kujichagulia wawakilishi wake hadi 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja televisheni ya rangi, Bara wakiwa hawana hata ya nyeusi na nyeupe. Wao walingoja mpaka miaka ya 1990. Tulijivuna, na tulikuwa na haki ya kujivuna. Lakini kilichooneshwa ndani ya rangi zile kilikuwa na mwenyewe, na kila mtu akimjua.

Mtu aliyelelewa na redio moja hujifunza ufundi wa namna yake. Anasikiliza kisichosemwa. Qur'ani ikisomwa redioni saa isiyokuwa yake, watu wanaacha vijiko: mkubwa kafa. Waziri akipita wiki mbili hatajwi, barza inajua. Mkisikia mchele upo wa kutosha, mama anakwenda kununua mchele leo leo. Wazanzibari wa umri wa baba yangu walikuwa mabingwa wa hilo, na walidhani ubingwa huo ni kinga. Na mimi nilidhani hivyo kwa muda mrefu. Siku hizi naona mtu anayekataa kila kinachosemwa na redio anaongozwa na redio ile ile, ila anakwenda kinyumenyume.

Mfano mzuri ni popobawa. Mwanzoni mwa 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, khofu ilianza Pemba ikavuka hadi Unguja: kitu kinachowavamia watu usiku vitandani. Mji mzima walilala nje, kwenye majamvi, wamekoka moto, wanaume na wanawake na watoto. Unguja mtu mmoja mgonjwa wa akili akauawa na kundi la watu waliodhani ndiye. Nilikuwa mtoto na nakumbuka raha ya kulala nje kuliko khofu yenyewe. Lakini nakumbuka pia maneno ya wakubwa. Hawakubishana kama kitu hicho kipo. Walibishana kimeletwa na nani. Upande wetu walisema serikali imekileta ili watu waache kuzungumza siasa. Tuseme khofu ile haikuwa na mwenyewe; barza zetu zisingeweza kulikubali jambo lisilokuwa na chama.

Uchaguzi wenyewe ukaja Oktoba. Dk. Salmin Amour wa chama tawala asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, chama cha upinzani, asilimia 49.8, tofauti ya kura 1,565. CUF ikachukua viti vyote 21 vya Pemba. Muulize mtu hivi leo nani alishinda mwaka 1995. Hutahitaji kumuuliza anatoka wapi.

Kwetu Wete kulikuwa na redio mbili, ingawa kifaa kilikuwa kimoja. Mchana mama alisikiliza ya serikali, taarab na matangazo ya vifo, na vifo ndivyo pekee ambavyo hakuna aliyevitilia shaka. Jioni, saa kumi na mbili na nusu, redio ilikuwa ya baba na ya London. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957, mwezi mmoja tu kabla ya uchaguzi ule wa kwanza, hivyo yeye na idhaa hiyo walikua pamoja. Mtoto akikohoa wakati wa khabari alitolewa nje.

Tarehe 27 Januari 2001 polisi walipiga risasi waandamanaji: Wete, Micheweni, Chake Chake, Mkoani, na mjini Unguja. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka uliofuata, liliandika kwamba waliouawa hawakupungua 35. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya, na Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ikawa imetoa wa kwake. Sitasimulia siku ile. Wapo walioipoteza familia ndani yake na wao ndio wenye haki ya kuisimulia. Nataka kusema jambo dogo la jioni yake na jioni zilizofuata. Watu waliokuwepo, waliosikia mlio kwa masikio yao na kuona damu kwa macho yao, walikusanyika kwenye redio kungoja London itasema nini. Na London iliposema, mzee mmoja alipumua akasema, "Basi ni kweli." Alikuwa ametoka kuzika.

Nimelifikiria neno lile kwa miaka. Redio ya nyumbani ilikuwa imemfundisha kwamba alichokiona si khabari mpaka kitangazwe, naye alikuwa amejifunza vizuri, ila alikuwa amebadilisha mtangazaji tu. Kwetu ilikuwa inatosha kusema "BBC wamesema". Hakuna barza ya Wete iliyowahi kuuliza kwamba huyu naye analipwa na nani, wakati huduma za BBC kwa nchi za nje zililipiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza hadi 2014. Sisemi walitudanganya. Wengi wa watangazaji wale waliifanya kazi kwa uadilifu, na siku zile za 2001 bila wao tungeonekana watu wa Pemba tunazusha. Nasema kwamba tulikuwa wakali sana kwa redio moja na wapole mno kwa nyengine, na ukali wa upande mmoja si umakini. Hata majina ya makundi yetu tukawa tunayachukua kwenye khabari za mbali: vijana wa marungu waliopita mitaani na magari mwaka 2005 tukawaita Janjaweed, jina la Darfur, na miaka kumi baadaye wenziwao waliofunika nyuso wakaitwa mazombi.

Upande wetu nao ulikuwa na vyombo vyake, na sipendi vinavyosahauliwa. Kanda za hotuba zilipita mkono kwa mkono. Katika kanda ushindi ulikuwa umekaribia kila mwaka, na kila kiongozi wetu aliyeondoka alikuwa amenunuliwa. Kila mara. Sikumbuki hata mmoja aliyetajwa kwamba alikuwa na hoja.

Gazeti lililojaribu kutoka kwenye mkumbo huo, kwa maoni yangu, ni Dira ya akina Ali Nabwa. Lilikuwa gazeti binafsi, la hapa, likiandika historia yetu kwa urefu, zikiwemo khabari ambazo watu walizizungumza ndani milango ikiwa imefungwa. Lilikuwa na ukali wake na upande wake, lakini lilikulazimisha kubishana na tarehe na majina, na ukitaka kulijibu ulipaswa kuja na tarehe zako na majina yako. Novemba 2003 serikali ikalifungia. Kwa hiyo wale waliotaka kulijibu hawakupata tena pa kujibu.

Kitu kilichonionesha waziwazi jinsi picha ya nchi inavyoweza kugeuzwa ni Maridhiano. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu. Katika miezi michache tu, mtu ambaye vyombo vya serikali vilimtaja kwa kejeli au havikumtaja kabisa akawa Mheshimiwa. Sauti zilikuwa zile zile. Hapakuwa na mtangazaji aliyesema jana tulisema vile na leo tunasema hivi. Julai 2010 ikapigwa kura ya maoni na asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita bila ya maziko. Watu waliokuwa hawapeani salamu wakaanza kusalimiana sokoni Darajani, wengine kwa haya kidogo. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini nilijiuliza: kama uadui wa nusu karne unaweza kupunguzwa sauti hivi, nani alikuwa ameshika kitufe muda wote huo?

Kitufe kikazungushwa tena. Tarehe 28 Oktoba 2015, siku tatu baada ya kupiga kura na matokeo yakiwa bado yanatangazwa, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, akatokea kwenye televisheni ya ZBC akasoma taarifa kwamba uchaguzi wa Zanzibar umefutwa. Kura za Rais wa Muungano na Wabunge, zilizopigwa siku ile ile, kwenye skuli zile zile, na watu wale wale, zikabaki halali. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF wakaususia, na Dk. Shein wa chama tawala akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4.

Hapa pana jambo la propaganda ambalo vitabu vya nje havitufundishi vizuri. Taarifa ile haikuhitaji kuaminiwa. Ilihitaji kusomwa. Sikumwona mtu, wa upande wowote, aliyeshawishika na sababu zilizotajwa. Wa upande wa chama tawala walisema "imekwisha hiyo", wa upande wetu walisema vile vile, kwa sauti nyengine.

Siku hizi ubao uko mfukoni. Taarifa inakuja kwenye WhatsApp imeandikwa "nimetumiwa kama ilivyo", yaani aliyekutumia amenawa mikono kabla hujaila. Sauti ya dakika saba ya mtu "wa ndani" asiyejitaja. Picha ya umati wa mkutano ambayo ukiitazama vizuri utaona minazi si ya huku. Mwaka 2019, Maalim Seif na wenziwe walipotoka CUF wakahamia chama cha ACT-Wazalendo na kusema shusha tanga, pandisha tanga, ofisi zilipakwa rangi ya zambarau kabla sijamaliza kusoma mabishano ya kama jambo lenyewe ni kweli. Wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020 mitandao ikabanwa na bibi zetu wakajifunza VPN. Oktoba 2025 intaneti ikazimwa nchi nzima. Anayezima anadhani anazuia uvumi. Kwa watu waliofundishwa miaka sitini kusikiliza kisichosemwa, kimya ni tangazo, na kila mmoja hulijaza kwa anachokiogopa zaidi.

Mimi kitu ninachokiamini katika uchaguzi ni karatasi ya mlangoni. Fomu ya matokeo ya kituo, yenye saini za mawakala wa vyama vyote, inabandikwa nje baada ya kuhesabu. Haina mtangazaji. Mwaka 2015 nilisimama mbele ya ile ya kituo chetu nikaipiga picha, namba zote zinasomeka, na wiki ile ile nikampelekea ami yangu wa Unguja, mtu wa chama tawala toka enzi za ASP, tunayependana na kubishana. Aliitazama siku nzima, kwa alama zile mbili za buluu. Usiku akanipigia.

"Picha hii kakutumia nani?"

"Nimeipiga mwenyewe, ami."

"Ahaa," akasema. "Basi ni ya CUF."